Sindano ya Gulu na mioyo ya watoto wa Kenya

MTOTO anapolalamika kuwa koo linamuuma, wazazi wengi nchini humpa maji ya vuguvugu yenye chumvi, ama asali na ndimu, kisha wakamrejesha shuleni kesho yake. Mara nyingi hakuna baya linalofuata. Lakini kwa wachache, vidudu aina ya streptokoka vilivyosababisha maumivu hayo huacha athari ambayo hujitokeza miaka kumi au ishirini baadaye, wakati kijana anaposhindwa kupanda ngazi, au mama mja mzito anapofikishwa katika chumba cha kujifungulia akihema na miguu imemvimba.

Maradhi yenyewe ni ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili inapopigana na vidudu vya koo hukosea shabaha, ikashambulia viungo na vali za moyo, yaani vile vilango vinavyofunguka na kufungika ili damu ielekee upande mmoja tu. Vali zikishapata makovu hujikunja au kushikamana. Damu hurudi ilikotoka au hukwama, moyo hutanuka, na hatimaye huchoka. Kwa kila shambulio jipya la koo, kovu huongezeka.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kuwa kufikia 2015 watu milioni 33.4 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba uliwaua watu 319,400 katika mwaka huo mmoja. Karibu wote ni wa mataifa maskini. Huko Ulaya na Marekani homa hii ilianza kupungua hata kabla ya penisilini kuenea, pale nyumba zilipoboreka na msongamano ukapungua. Iliposahaulika huko, fedha za utafiti nazo zikaelekea kwingine, na kwa miongo mingi madaktari wa Afrika walibaki wakiwatibu wagonjwa wao kwa kubahatisha au kwa kuazima mafunzo yaliyotokana na wagonjwa wa aina nyingine kabisa.

Ndiyo maana majaribio mawili ya kitabibu, moja lililofanywa Kaskazini mwa Uganda na jingine lililohusisha nchi 24, yanastahili kusomwa kwa makini na wanaopanga bajeti za afya katika wizara na kaunti zetu.

Kovu lisilosikika

Tangu jadi daktari alitegemea masikio yake. Aliweka chombo kifuani na kusikiliza mvumo wa damu inayopita penye vali mbovu. Mwaka wa 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa shule nchini Cambodia na Msumbiji kwa njia mbili: masikio, kisha eko, kile kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo ukipiga, kama kinachotumiwa kumtazama mtoto tumboni mwa mamaye. Katika watoto 2,170 wa Msumbiji, masikio yaliwatambua wagonjwa 5. Eko iliwatambua 66. Huko Cambodia, kati ya watoto 3,677, hesabu ilikuwa 8 dhidi ya 79.

Kwa maneno mengine, kwa kila mtoto mmoja aliyejulikana, zaidi ya wanane walikuwa wakicheza uwanjani na kovu ndani ya moyo, bila mwalimu wala mzazi kujua lolote.

Inafaa kukumbushwa kwamba Kenya haikuwa nyuma katika jambo hili. Zaidi ya miaka kumi kabla ya utafiti huo wa Msumbiji, yaani mwaka wa 1996, jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilikuwa limechapisha kazi ya madaktari waliotumia eko kuwapima watoto wa shule za mashambani humu nchini. Mbegu ilipandwa hapa, ila mavuno yakaja kuvunwa kwingineko.

Hata hivyo, ugunduzi huo wa 2007 ulizua swali gumu. Mtoto aliyegunduliwa kuwa na kovu dogo, asiyehisi maumivu yoyote, afanywe nini? Mgonjwa aliyekwisha kuugua homa yenyewe hupewa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili koo lisishambuliwe tena. Sindano hiyo ni nzito na ina uchungu. Mtoto aliyedungwa anaweza kuchechemea siku nzima. Tena ilijulikana kwamba baadhi ya makovu hayo madogo hubaki yalivyo au hutoweka yenyewe. Wako madaktari waliosema kuwa kuwadunga maelfu ya watoto wasio na dalili ni kuwatesa bure. Wengine walishikilia kwamba kungoja dalili ni kumngoja mtoto aharibike. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hakuna upande uliokuwa na ushahidi.

Linda moyo wa mtoto

Jibu lilitafutwa Gulu. Jaribio liliitwa GOAL, kifupi cha maneno ya Kiacholi “GwokO Adunu pa Lutino”, maana yake linda moyo wa mtoto. Liliongozwa na Dkt Andrea Beaton wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, pamoja na Dkt Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala.

Ukubwa wa kazi yenyewe unatosha kumstaajabisha msomaji. Watoto 102,200 wenye umri wa kati ya miaka 5 na 17 walipimwa kwa eko. Kati yao, 3,327 walishukiwa kuwa na kovu katika upimaji wa kwanza. Baada ya kupimwa tena kwa mashine bora na picha zao kukaguliwa na mabingwa, 926 ndio waliothibitishwa kuwa na ugonjwa uliojificha na kuonekana wanafaa kuingizwa katika jaribio. Mwishowe 916 waliandikishwa kwa ridhaa ya wazazi wao, wakagawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilidungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. La pili halikudungwa, bali lilifuatiliwa tu. Waliosoma picha za eko mwishoni hawakuambiwa ni mtoto yupi alikuwa kundi lipi, jambo linaloyapa matokeo uzito.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2021. Miongoni mwa watoto 399 waliodungwa ambao hesabu zao zilikamilika, ni 3 tu ambao ugonjwa ulisonga mbele, yaani asilimia 0.8. Katika kundi lisilodungwa walikuwa 33, asilimia 8.2. Ukipiga hesabu, kwa takriban kila watoto 13 waliodungwa kwa miaka miwili, mmoja aliepushwa na hatua ya ugonjwa ambayo huenda ingemfikisha katika chumba cha upasuaji. Madhara makubwa yaliyotokana na dawa yaliwapata watoto wawili, mmoja wao akiwa amepata mzio usiokuwa mkali.

Kwa dawa iliyogunduliwa mwaka wa 1928, na ambayo aina yake hii ya benzathini imetumiwa tangu miaka ya 1950, ni ajabu kidogo kwamba ushahidi wa namna hii ulisubiri hadi sasa. Ajabu hiyo hupungua mtu akikumbuka nani huugua maradhi haya. Hakuna kampuni inayotajirika kwa kuuza penisilini.

Yasiyosemwa na takwimu

Kuna wanaosoma matokeo hayo na kudai kwamba kila shule nchini inafaa kutembelewa na mashine ya eko kuanzia muhula ujao. Haraka hiyo inahitaji kupunguzwa kidogo.

Kwanza, takwimu zilezile zinaonyesha kuwa hata bila sindano, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hawakuzidiwa katika ile miaka miwili. Watoto hao wangedungwa mara ishirini na kitu kila mmoja ili wachache waokolewe. Hilo si sababu ya kuacha, ila ni jambo ambalo mzazi ana haki ya kuambiwa wazi kabla ya kutia sahihi. Pili, jaribio lilidumu miaka miwili. Halikusema sindano ikomeshwe lini, wala kama mtoto aliyemaliza miaka hiyo akiacha atabaki salama. Tatu, watoto wa Gulu hawakuachwa wajitafutie. Walikuwa na wauguzi waliowafuatilia mmoja mmoja na vikundi vya kutiana moyo. Mpango wa serikali usiokuwa na watu hao hauwezi kutarajia matokeo yale yale.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote ni lile pengo kati ya 3,327 na 926. Watoto zaidi ya elfu mbili walionyeshwa kidole, kisha upimaji wa pili haukuwathibitisha. Mjini Gulu walikuwako mabingwa wa kuwakagua upya bila kuchelewa. Je, ikiwa kipimo cha kwanza kimefanywa katika shule iliyo Turkana au Tana River, cha pili kitafanyiwa wapi, na baada ya muda gani? Mama aliyeambiwa kwamba huenda moyo wa mwanawe una kasoro hawezi kulala usingizi kwa miezi sita akingoja tarehe ya hospitali ya rufaa. Yamkini atauza mbuzi aende hospitali ya kibinafsi mjini. Upimaji usiokuwa na matibabu nyuma yake ni dhuluma, na wanaharakati wa afya wanapaswa kulikiri hilo.

Kuhusu mabingwa kuna habari za kutia moyo. Tafiti zilizofanywa huko huko Kaskazini mwa Uganda zilionyesha kwamba wauguzi wanaweza kufunzwa kwa muda mfupi kutumia mashine za eko za mkononi, ndogo kama simu, na kuwatenga watoto wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Hukosea, naam, lakini makosa yao yanavumilika iwapo kuna mtu wa kuyasahihisha.

Dawa mpya iliyoshindwa na ya kale

Jaribio la pili linawahusu waliokwisha kuchelewa: watu wazima ambao vali zimeharibika na mapigo ya moyo yamepoteza mpangilio. Moyo unaotetemeka badala ya kudunda huacha damu ituame, na damu ikituama huganda. Bonge likichomoka na kupanda ubongoni, mgonjwa hupatwa na kiharusi.

Kwa miaka mingi kinga yao imekuwa warfarini, dawa ya bei nafuu lakini yenye masharti mengi. Kipimo chake kikizidi mtu huvuja damu, kikipungua damu huganda. Ni sharti mgonjwa apimwe damu mara kwa mara. Isitoshe, mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo, na katika nchi ambayo sukuma wiki haikosi mezani jambo hilo si dogo. Mgonjwa hahitaji kuacha mboga, ila ale kiasi kisichobadilika sana kutoka wiki hadi wiki. Kwa mja mzito dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuanzia mwaka wa 2009 zilitokea dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zisizohitaji kupimwa damu kila mara, na majaribio makubwa yalizisifu. Tatizo ni kwamba majaribio hayo yaliwaacha nje wagonjwa ambao vali yao ya kushoto imebanwa na makovu ya homa ya baridi yabisi. Madaktari wengi walidhania tu kuwa kilichomfaa mzee wa London au Chicago kingemfaa mama wa Kakamega.

Jaribio la INVICTUS ndilo lililouliza. Liliwafuatilia wagonjwa 4,531 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wengi wao wanawake, umri wao kwa wastani ukiwa miaka 50. Nusu walipewa dawa mpya ya rivaroksabani, nusu wakapewa dawa za jamii ya warfarini. Lilifadhiliwa na kampuni ya Bayer, mtengenezaji wa dawa hiyo mpya, na matumaini ya wengi yalikuwa kwamba dawa hiyo ingeonekana kuwa sawa na ile ya kale au kuishinda.

Matokeo yaliyotangazwa Agosti 2022 yaliwashangaza hata walioyaongoza. Kati ya wagonjwa 2,275 waliopewa rivaroksabani, 560 walipatwa na kiharusi, matatizo mengine ya moyo na mishipa au kifo. Katika 2,256 wa kundi la pili walikuwa 446. Waliotumia dawa ya kale waliishi muda mrefu zaidi, kwa wastani wa siku 72 katika kipindi cha uchunguzi, wala hawakuvuja damu kuliko wenzao.

Sababu haijabainika kikamilifu. Vifo vilivyopungua vilikuwa hasa vya ghafla na vya moyo kushindwa kazi, ambavyo si vifo vya damu kuganda ubongoni. Wengine wanasema waliotumia warfarini walionana na wauguzi kila mwezi kwa ajili ya kupimwa damu, na huenda kuonana huko ndiko kulikowasaidia. Watafiti wenyewe hawakuridhika kwamba hilo latosha kueleza tofauti yote. Vyovyote iwavyo, daktari anayemwandikia mgonjwa wa aina hii dawa mpya yenye bei ya juu, kwa kudhani anamfanyia hisani, anakwenda kinyume cha ushahidi.

Kuna onyo moja lakini. Kabla ya kuingia katika jaribio, ni asilimia 33 tu ya waliokuwa wakipewa dawa za jamii ya warfarini ambao damu yao ilikuwa katika kiwango kinachotakiwa. Wakati wa jaribio idadi ilipanda hadi kati ya asilimia 56 na 65. Warfarini iliyoshinda ni ile inayoambatana na upimaji. Inayotolewa kwenye bahasha ya karatasi, pamoja na maagizo ya kurudi baada ya miezi mitatu, ni habari nyingine.

Humu nchini kuna mfano wa kuigwa. Huko Eldoret, katika hospitali ya rufaa ya Moi, kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda imekuwa ikiendeshwa na wafamasia, na matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2011. Haikuhitaji bingwa wa moyo kwa kila mgonjwa. Ilihitaji mashine ya kupima, daftari, na mtu anayepiga simu mgonjwa asipofika.

Umri wa miaka 28

Picha ya jumla ilikwisha kuchorwa na utafiti wa REMEDY, ulioongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Wagonjwa 3,343 waliandikishwa kati ya 2010 na 2012 katika mataifa 12 ya Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Nusu yao hawakuwa wamepita umri wa miaka 28. Thuluthi mbili walikuwa wanawake. Baada ya miaka miwili, karibu asilimia 17 walikuwa wameaga dunia, na nusu ya waliofariki hawakuwa wamefikisha miaka 29. Takriban asilimia 55 ndio waliokuwa wakipata kinga ya penisilini. Na kati ya wanawake 1,825 waliokuwa katika umri wa kuzaa, 65 tu ndio waliokuwa wakitumia njia za kupanga uzazi, ilhali mimba kwa mwenye vali mbovu inaweza kumuua.

Huu, basi, ni ugonjwa unaowachukua mama wenye watoto wadogo na vijana walioanza kazi juzi. Upasuaji wa kubadilisha vali hufanywa nchini, katika hospitali chache, na foleni ni ndefu. Anayewekewa vali ya chuma hufungwa na warfarini maisha yake yote.

Mnamo Mei 2018 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani, Kenya ikiwa mojawapo, yalipitisha azimio la kukabiliana na homa hii na ugonjwa wa moyo unaoifuata. Mwaka wa 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wa jinsi ya kuuzuia na kuutambua. Karatasi zipo. Kilichobakia ni maamuzi ya kifedha, na hayo kwa Kenya yanaangukia pande mbili: serikali kuu inayosimamia bima, na kaunti zinazoendesha zahanati na vituo vya afya.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua mahali pa NHIF, huduma za zahanati na vituo vya afya zinapaswa kulipiwa na hazina ya huduma za msingi. Sindano ya penisilini kila wiki nne ni huduma ya msingi kwa maana halisi ya neno hilo. Haimhitaji daktari bingwa. Aidha, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliokabidhiwa vifaa vya kazi Septemba 2023 ndio wanaoweza kubisha mlangoni mtoto akikosa sindano yake. Kazi waliyoifanya wauguzi wa Gulu ya kuwafuatilia watoto inaweza kupata mikono hapa, mradi wahudumu hao walipwe marupurupu yao kwa wakati.

Dawa yenyewe ina misukosuko. Katika miaka ya 2010 nchi nyingi zilikumbwa na uhaba wa penisilini ya benzathini kwa kuwa watengenezaji duniani ni wachache na faida ni ndogo. Dawa hiyo hiyo ndiyo inayotegemewa kuwatibu akina mama waja wazito wenye kaswende, hivyo kaunti ikiagiza chache italazimika kuchagua nani apewe. Wapo pia wauguzi wanaoogopa kuidunga kwa hofu ya mzio. Chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilitoa ushauri mwaka wa 2022 kwamba baadhi ya vifo vilivyotokea baada ya sindano hiyo huenda havikutokana na mzio hata kidogo, bali moyo uliokwisha kudhoofika sana kushindwa kustahimili mshtuko wa sindano. Wagonjwa wa namna hiyo walipendekezewa tembe. Mtoto mwenye kovu dogo hayumo katika kundi hilo.

Kuhusu tembe, Uganda imetangulia tena. Baada ya GOAL, watafiti wale wale walianzisha jaribio jipya linalolinganisha sindano ya kila mwezi na tembe za penisilini zinazomezwa nyumbani, kwa watoto wenye ugonjwa uliojificha. Tembe zikionekana kutosha, mtoto ataepushwa na uchungu na kaunti itaepushwa na gharama ya sindano. Zisipotosha, kaunti zitahitaji kujua mapema ni chupa ngapi za benzathini zitakazoagizwa, nani atazidunga, na ni shule zipi zitakazoanza kupimwa.